Swali la Chumvi

Watu wa Malindi tuna adabu. Nasema hivi kwa hasira, si kwa kujisifu. Mgeni akija tutamkalisha penye upepo, tutampa kahawa na halua, na tukiona ana neno kooni hatutamvuta ulimi. Tutangoja alitoe mwenyewe. Asipolitoa tutamsindikiza mpaka njiani, tumwambie karibu tena, turudi ndani tumeridhika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wifi yangu Mwanamina. Sikumwona mtu aliyemdhulumu. Kila mmoja alimfanyia wema, na wema huo ukaondoka na kazi yake yote.

Mimi naitwa Wafa, na mume wake Mwanamina, Swafwan, alikuwa kaka yangu. Kazi yangu ni kupika. Harusi, hitima, maulidi, nikiitwa naenda na masufuria yangu. Sayansi siijui, na haya niyasemayo nimeyapata kwa wifi mwenyewe, aliyekuwa na subira ya kunieleza mambo yake jikoni huku akinimenyea vitunguu. Mimi nami sina haya ya kuuliza jambo hilo hilo mara ya tatu.

Kazi yake ilikuwa sumu ya kifutu. Huyu ni yule nyoka mnene, mvivu, anayejilaza kwenye vijia vya mashamba kule Ganda na Tezo mpaka mtu amkanyage. Wifi alikuwa amechoka kuona wakulima wakikatwa miguu. Yeye na wenzake wa nchi nyingine walikuwa wakishughulikia protini moja ndogo, wao wakiiita kinga, waliyotumaini kwamba itaikamata sumu na kuishikilia kabla haijaanza kula nyama ya mtu. Kinga ilitengenezwa India kwa Dokta Raghavan. Sumu ilitoka kwetu, na wifi ndiye aliyekuwa na maabara yake Kilifi. Mtambo wa kutazamia ulikuwa Italia, kwa mwanamke mmoja anayeitwa Ornella.

Mtambo wenyewe ni mkubwa, watu huingia ndani yake kama wanavyoingia sokoni. Hutoa mwali mwembamba wa eksirei. Mwali hupitishwa katika tone la maji lenye protini, na ukipita hutawanyika kidogo, kwa pembe ndogo mno, na kwa namna ulivyotawanyika wao hujua umbo la kitu kilichomo mle majini. Nilimuuliza kwa nini wasitumie darubini tu. Akacheka, akasema hakuna darubini ya kukionyesha kitu kidogo hivyo kikiwa bado kinaogelea. Swafwan alikuwa akimtania kwamba ameoa mke anayewamulika nyoka kwa tochi ya Wazungu.

Kila wiki walikutana kwenye kompyuta. Wifi alizaliwa Shela hapa hapa mjini, baba yake akiuza vitambaa, na Kitaliano alikipata dukani akiwa mtoto, akiwapunguzia bei wateja watalii wa Kitaliano. Siku ya kwanza Ornella alipomsikia alicheka mpaka akafuta machozi, akamwambia anaongea kama mwanamume auzaye vinyago ufukweni. Tangu hapo wakawa marafiki. Na Swafwan naye hakuweza kupita nyuma ya kompyuta na sinia yake ya chai bila kuinama na kuwaamkia wote, Mhindi, Mbrazil na Mtaliano. Wakamzoea. Asipopita walimuulizia.

Zamu ya mtambo haipatikani hivi hivi. Watu huomba kutoka kila pembe ya dunia, na wao walikuwa wameomba mara mbili wakakataliwa. Mara ya tatu wakapewa siku moja. Kinga nayo ilikuwa kidogo, ya kutosha siku hiyo tu, na kutengeneza nyingine ni kazi ya karibu mwaka mzima. Mstari ambao mtambo huuchora ukionyesha kwamba kinga na sumu vimeshikana, kikundi kingeendelea na kifutu wa kwetu, na Kilifi ingekuwa ndiyo kitovu cha kazi. Usipoonyesha, kulikuwa na nyoka mwingine wa Afrika Magharibi ambaye baadhi ya wenzake wifi walikuwa wakimnong'ona kitambo. Wifi aliniambia haya waziwazi. Alisema, "Siku hiyo ikienda vibaya, Wafa, wataniaga kwa upole sana."

Siku Swafwan alipokufa wifi alikuwa kule Kilifi, maabarani. Kinga ilikuwa imefika kutoka India na ilipaswa kuoshwa kabla ya kupelekwa Italia. Kuoshwa kwake ni kutiwa ndani ya vifuko vyembamba vya utando, na vifuko kuning'inizwa ndani ya jagi la kioo lenye maji ya chumvi, jagi likae kwenye friji na maji yabadilishwe mara kadhaa. Kiasi cha chumvi kinajulikana na kikundi kizima. Lakini adhuhuri ile wifi aliona vifuko vimeingia ukungu. Kinga ilikuwa inashikana yenyewe kwa yenyewe, inafanya madonge. Akaongeza chumvi kwenye jagi, kidogo, akangoja, akaongeza tena, mpaka ukungu ukaondoka. Aliniambia baadaye kwamba alifurahi sana kwa dakika ile. Alikuwa anainua kalamu aandike alichokifanya, na simu ikalia.

Aliyepiga ni kaka yetu mkubwa, Abdillahi. Hakumwambia kwamba Swafwan amekufa. Alimwambia Swafwan ameanguka dukani kwake, njoo, lakini usije kwa haraka, njia mbaya. Abdillahi ni mtu wa huruma na hakutaka ajue akiwa peke yake barabarani. Wifi akaacha kalamu, akaacha mkebe wa chumvi wazi mezani, akamwambia msaidizi wake Thuku kwamba anakwenda Malindi mara moja. Alipofika kwetu tulikuwa tumeshamfunika.

Moyo wake ulisimama tu, kaka yangu, akiwa anampimia mtu misumari. Mimi mpaka leo nikisikia misumari ikimwagwa kwenye mizani natoka nje.

Mwanamina akakaa kizuka, eda ya mjane, miezi minne na siku kumi. Nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna kutoka wala kuonana na wanaume wasio maharimu wake. Hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye chumba cha Mama, mgongo ukutani, tasbihi mkononi, na Mama alilala karibu naye amemshika ncha ya kanga usiku kucha. Mama alikuwa amezika mume, sasa mtoto, na kwa mkamwana wake alikuwa kama mtu aliyeng'ang'ania mlango usifungwe na upepo.

Baada ya hitima wifi aliniomba nimuulizie kwa sheikh wa mtaa kama anaweza kwenda Kilifi mara moja, mchana, kumalizia kazi iliyokuwa haingoji. Nikatuma mtu. Jibu likaja jepesi kuliko nilivyodhani. Mjane mwenye haja ya lazima aweza kutoka mchana, mradi usiku alale nyumbani kwake. Nikalipeleka jibu chumbani mbele ya Mama, maana sikutaka mambo ya kisirisiri.

Mama akasema, "Nenda, mwanangu. Sheria imekuruhusu, mimi ni nani wa kukuzuia?" Kisha akainuka amtafutie buibui lake kwenye kabati. Akalipata, akalikung'uta, na lilipofunguka likatoa harufu ya udi wa siku ambayo wifi alitoka na Swafwan kwenda arusi ya binamu yetu. Mama akaketi chini pale pale kabatini, buibui mapajani, akalia bila sauti. Wifi akamwendea, akalitoa lile buibui mikononi mwake, akalikunja, akalirudisha.

Alisema Thuku ataweza. Thuku ni mtu mwangalifu, amefanya kazi naye muda mrefu, anajua kila kitu. Mimi nilimwambia aende. Nilimwambia Mama atalia na atanyamaza, kama tunavyolia na kunyamaza sote, lakini siku ya mtambo haitarudi. Akanitazama kama aliyesikia kelele za mbali. Kichwa chake kilikuwa hakina nafasi. Chumvi ile aliyoiongeza ilikuwa imemtoka kabisa, wallahi, kama isiyowahi kuwako.

Kesho yake Thuku akaja.

Nilimwona nikiwa dirishani, anashuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yetu. Ni kijana mrefu, mzaliwa wa Nyeri, Mkristo, mwenye haya kama bibi arusi wa zamani. Bila shaka kuna mtu kule Kilifi aliyemfundisha kwamba kwenye matanga ya Waislamu mtu huvaa kofia, maana alikuwa ameinunua moja, ndogo, imemkaa utosini kama kifuniko cha sufuria nyingine. Ingekuwa siku nyingine ningecheka. Abdillahi alimpokea barazani, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, na mimi nikapika kahawa.

Wifi alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, hatua chache tu kutoka alipoketi yule kijana. Alisikia kila neno, na mimi vilevile. Thuku alisema poleni. Alisema kule kazini wote wamesikitika. Akasema tena poleni. Abdillahi akamshukuru kwa kuja kutoka mbali, akamsogezea halua. Thuku akauliza Daktari anaendeleaje.

"Yu salama, alhamdulillahi," Abdillahi akasema. "Yuko kizuka, hatoki wala haonani na wanaume. Lakini ukiwa na neno la kumwambia, nambia mimi, nitamfikishia."

Ndipo palipokuwa pahali pake. Mlango ulikuwa wazi hivyo. Nilikuwa nimesimama na sinia, nikamwona Thuku akiitazama kahawa yake kama kuna kitu kimezama ndani. Midomo ilifunguka. Alikuwa ameketi mbele ya kaka wa marehemu, kwenye nyumba ya matanga, wazee wawili wakisoma Kurani pembeni, na pazia jeupe mbele yake. Akasema, "Hapana, mzee. Nilikuja kuwapa pole tu."

Abdillahi aliona ana jambo. Aliniambia baadaye. Lakini alidhani labda ni habari za mshahara wa wifi au likizo, mambo ya ofisini yasiyofaa kuzungumzwa na maiti bado hajakauka kaburini, na hakutaka kumwaibisha mgeni kwa kumchimba. Akamwongezea kahawa. Thuku akaimaliza, akainuka, akaaga kwa mikono miwili, akaenda zake Kilifi. Wifi alitoka nyuma ya pazia akiwa na uso mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akaniambia kama kungekuwa na tatizo kule maabarani Thuku angesema, na kwa kuwa hakusema, basi mambo yanakwenda. Akala wali siku ile.

Barafu ikafungwa, vichupa vikasafiri, Italia wakapokea. Siku ya zamu ilipofika nilimwekea kompyuta chumbani asubuhi, juu ya kitanda, Mama akiwa jikoni. Wifi alizima kamera, kwa kuwa Raghavan na wale wengine ni wanaume na yeye yuko edani. Kwa hiyo wenzake wote walionekana nyuso zao, na pahali pake palikuwa na kidirisha cheusi chenye jina. Raghavan alitoa rambirambi maneno machache. Ornella alijaribu akashindwa, akageuka akaufuta uso kwa mkono wa koti lake jeupe. Kisha mmoja wao, kwa mazoea tu, akatazama nyuma ya kile kidirisha cheusi kana kwamba mtu angepita na sinia ya chai. Wakaanza kazi.

Nilikuwa nimeketi ubavuni mwake. Alikuwa amenieleza nitazame nini. Ukipima protini iliyo salama, mstari unaochorwa kwenye kioo huanza umelala kule kushoto, umetulia, halafu ndipo huteremka. Ukiona mwanzo wake unapaa juu, ujue mle ndani mna madonge, na palipo na madonge umbo halisomeki. Kwanza wakapima maji matupu. Sawa. Kisha wakapima kinga peke yake, na mstari ukachorwa, na mwanzo wake ukapaa.

Ornella akasema huenda ni kichupa kimoja, tujaribu kingine. Wakajaribu kingine. Ukapaa. Wakaipunguza nguvu kwa kuongeza maji, ukapaa vilevile. Wakaizungusha kwenye mashine ya kutenganisha madonge, na walipotoa kilichobaki juu hakikuwa na protini ya kutosha kupima. Wakatia sumu pamoja na kinga kwa kujaribu tu, na hapo hata mimi nisiyejua lolote niliona kwamba ule si mstari, ni ukuta. Mhindi alikuwa ameshika kipaji cha uso. Kule Kilifi, kwenye dirisha lake, Thuku alikuwa amekaa wima bila kupepesa macho.

Ndipo nilipoona mkono wa wifi ukienda mdomoni. Alikuwa amekumbuka. Lakini Thuku alimtangulia. Aliongea Kiswahili mbele ya wageni wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Daktari," alisema. "Ile siku uliondoka. Uliongeza chumvi kwa jagi?"

"Niliongeza."

"Nilipata mkebe uko wazi hapo mezani. Nikajiuliza. Lakini haikuwa imeandikwa, na muda wa kubadilisha maji ulikuwa umefika, nikaweka maji ya kipimo kile cha kila siku. Macho hayakuona kitu, vifuko vilikuwa safi, kumbe madonge yalikuwa madogo ya kutoonekana." Akasogea karibu na kamera. "Nilikuja Malindi kukuuliza, bado tungeweza kuirudisha chumvi."

"Siku ile ya kahawa?"

"Siku ile."

Nilimtazama wifi na wifi alikuwa akikitazama kile kidirisha cheusi chenye jina lake. Ornella akauliza kuna nini, mnazungumza nini. Wifi akamjibu kwa Kitaliano chake cha dukani, neno moja tu, chumvi. Ornella hakuelewa, na wifi hakuwa na nguvu ya kuendelea.

Swali lenyewe lilikuwa hilo. Umeongeza chumvi? Mimi huulizwa hivyo kutwa mara kumi na kila mtu apitaye jikoni. Thuku angeliweza kulisema kwa sauti mbele ya Abdillahi, mbele ya wazee na misahafu yao, na wifi angejibu kutoka nyuma ya pazia, ndiyo, na hakuna ambaye angeona ni jambo la kufedhehesha. Angeweza kunipa mimi nimfikishie, nilipomletea kahawa. Lakini yeye aliona ni dharau kuingiza chumvi katika msiba wa watu, Abdillahi akaona ni dharau kumuuliza mgeni ana nini, na Mwanamina akaona ni dharau kuita kutoka ndani. Nawapenda wote watatu, na siku ile ningeweza kuwapiga wote watatu kwa mwiko.

Zamu yao ilikuwa haijaisha. Bado kulikuwa na saa kadhaa, lakini hapakuwa na kitu cha kupima. Ornella aliwapa majirani zake wa foleni saa zilizobaki, kundi fulani lililokuwa na mambo yake ya plastiki. Kabla ya kukata alimwambia wifi asijilaumu, mambo haya hutokea, watazungumza. Sauti yake ilikuwa ya upole sana. Wifi alifunga kompyuta, akaniuliza kama Mama amekula.

Wakazungumza kweli, mwezi uliofuata, na uliofuata huo. Wifi alikuwa bado ndani, bado kidirisha cheusi. Raghavan alisema kinga mpya ingechukua muda wake, na ufadhili usingengoja. Wale wa nyoka wa Afrika Magharibi walikuwa na sumu tayari na kinga yao tayari. Wakakubaliana waendelee na huyo kwanza. Kilifi ingebaki kwenye kikundi kama mshauri. Nilimuuliza wifi mshauri afanya nini. Akasema hualikwa kwenye vikao na hutajwa mwisho, kwa shukrani. Ornella akaendelea kumwandikia, kwanza kila wiki, halafu mara moja moja. Vikao vya kila wiki vikahamia saa ambayo kwetu ni usiku mno, kwa kuwa kundi jipya lina watu wa Amerika, na wifi akaacha kuingia.

Thuku hakulaumiwa na mtu, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Wifi alimwandikia kwamba kosa ni lake, yeye ndiye ambaye hakuandika. Thuku alijibu kwamba kosa ni lake, yeye ndiye ambaye hakuuliza. Wakaandikiana hivyo mpaka wakachoka, kisha Thuku akapata kazi Nairobi, akaondoka. Hakuja kuaga. Aliniomba tu kwa simu nimwambie Daktari kwamba jagi ameliosha na ameliweka kwenye rafu ya juu.

Na Mama hakujua lolote. Kwake yeye wifi alikuwa mkamwana mwema kupita wote, aliyekaa eda bila kunung'unika, aliyeacha safari ya Kilifi ili asimwache mkiwa. Alikuwa akiwasimulia wageni habari ile ya buibui. Alisimulia kwa fahari, na wifi alikuwa akiketi pale pale ameinamisha kichwa, na wageni wakidhani ni unyenyekevu. Mara kwa mara nilifungua mdomo niseme, nikaufunga. Mimi nami ni mtu wa Malindi.

Siku ya kumtoa eda tulialika jamaa na majirani. Asubuhi alikogeshwa, akavishwa kanga mpya, akafukizwa udi, na Mama mwenyewe akampaka wanja. Alikuwa amekonda, lakini alipendeza. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria kubwa la pilau, moshi umenijaa machoni, na nilipogeuka nikamwona amesimama mlangoni amefunga leso kiunoni. Nikamwambia atoke, leo ni siku yake, si ya kushika mwiko. Akasema amechoka kukaa. Nikampa mwiko akoroge huku mimi nikichambua kachumbari.

Mama alichungulia kutoka uani. Alikuwa anacheka, nadhani mara ya kwanza tangu Swafwan, kwa kumwona wifi amesimama na kufanya kazi tena kama zamani. Akasema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza:

"Mwanamina, mwanangu, umetia chumvi?"

Mwiko ukabaki hewani. Wifi alimgeukia Mama, akafungua mdomo kumjibu, na badala ya jibu kikatoka kilio. Nilikuwa sijamsikia akilia hivyo hata siku ya mazishi. Alikaa chini kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akajifunika uso kwa leso, na akalia kwa sauti, kwa mwili mzima, mpaka wanawake waliokuwa uani wakanyamaza, kisha mmoja mmoja wakaanza kujipangusa na wao.

Mama alimkimbilia. Alipiga magoti kwenye majivu na kanga yake ya sherehe, akamkumbatia kichwa kifuani. "Lia, mwanangu," akawa anamwambia. "Lia. Nilikuwa naingoja siku hii. Najua ulivyompenda. Lia upate nafuu." Na wifi akamshika Mama kwa mikono miwili na akazidi.

Labda Mama alikuwa sahihi, nusu yake. Sijui kilio kile kilikuwa na sehemu ngapi za Swafwan na ngapi za vile vifuko vya utando, na sidhani mwenyewe alijua. Sikumweleza Mama, na sitamweleza. Angejua, lile buibui lingemuua.

Niliwaacha pale chini. Niliuokota mwiko, nikaonja. Pilau lilikuwa halijatiwa chumvi. Nikatia mwenyewe, nikakoroga, nikafunika.